Kipimo cha Matumizi: Funzo la Mtandao wa ARPANET, 1969–1973

Taasisi inapowajengea wataalamu chombo cha kutumiwa kwa ushirika, haikawii kuulizwa: je, kinatumika? Aghalabu swali hilo hujibiwa kwa idadi. Hata hivyo, idadi hujibu lile tu aliloliuliza mpimaji, na huenda watumiaji wana haja nyingine kabisa. Historia ya ARPANET, mtandao wa tarakilishi uliounganisha vyuo na vituo vya utafiti vya Marekani, yadhihirisha jambo hilo.

Katika mwaka wa 1966, Robert Taylor, aliyesimamia utafiti wa tarakilishi katika ARPA, wakala wa Wizara ya Ulinzi, alitaka mashine zilizotawanyika vyuoni ziunganishwe. Sababu mojawapo ilikuwa gharama. Tarakilishi zilikuwa ghali mno, na kila kundi la watafiti lilidai ya kwake. Mtandao ungemwezesha mtafiti wa chuo kimoja kuitumia mashine ya chuo kingine. Mpango huo ulipoelezwa mbele ya wakuu wa miradi mwaka wa 1967, wengi wao hawakuufurahia, kwani walichelea kwamba wageni wangewamalizia nguvu za mashine zao.

Kituo cha kwanza, kilichofunguliwa mwaka wa 1969 katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, hakikuchaguliwa kwa kubahatisha. Huko ndiko Leonard Kleinrock alikokuwa na Kituo cha Upimaji wa Mtandao. Mashine za kupitishia ujumbe nazo ziliundwa zikiwa na uwezo wa kujihesabia: vifurushi vingapi vya data vimepita, vimechukua muda gani, na foleni ina urefu gani. Upimaji, basi, ulizaliwa pamoja na chombo chenyewe.

Matokeo ya awali hayakutia moyo. Katika majira ya kupukutika majani ya mwaka wa 1971, mtandao ulipitisha wastani wa vifurushi 675,000 kwa siku, ilhali uliweza kupitisha milioni 30. Hiyo ni kama asilimia 2 tu. Zaidi ya hayo, sehemu ya shehena hiyo ilitokana na majaribio ya wapimaji wenyewe. Mwenye kuzitazama tarakimu hizo peke yake angehukumu kwamba watafiti wameukataa mtandao. Kumbe kanuni za kuziwezesha tarakilishi tofauti kuzungumza zilikuwa hazijakamilika, na haikuwa rahisi kwa mtafiti kujua ni kitu gani kinapatikana wapi.

Mwaka huo huo wa 1971, Ray Tomlinson alibuni njia ya kupeleka barua kutoka tarakilishi moja hadi nyingine. Mwaka wa 1973, uchunguzi ulioagizwa na mkurugenzi wa ARPA, Stephen Lukasik, ulionyesha kwamba robo tatu ya shehena yote ya mtandao ilikuwa barua pepe. Chombo kilichojengwa ili watu waazimane mashine kilikuwa kimegeuzwa kuwa chombo cha mazungumzo. Hesabu ya vifurushi isingeweza kulifichua jambo hilo, maadamu kwa mashine kifurushi cha barua na kifurushi cha hesabu ni kimoja. Ilibidi swali lenyewe libadilike.

Funzo hili linawagusa wanaisimu wa Kiswahili, kwa kuwa wao nao sasa wanavyo vyombo vya ushirika. Mkusanyiko wa matini za Kiswahili uliotayarishwa katika Chuo Kikuu cha Helsinki chini ya Arvi Hurskainen ulitolewa mwaka wa 2004 ukiwa na maneno takriban milioni 12.5, toleo la 2016 lilifikia kama milioni 25. Vibali vya kuutumia na maulizo yaliyopelekwa kwenye mashine vyaweza kuhesabiwa. Lakini mhadhiri akichota humo mifano ya kitenzi kimoja, akaifundisha darasa zima, daftari la mashine huandika mtu mmoja. Mfano huo ukipita katika tasnifu pasipo kutajwa asili yake, hauandikwi popote.

Penye wengi pana mengi. Iwapo uhai wa hazina kama hizo utaamuliwa kwa daftari la mashine peke yake, huenda ikafungwa ile inayofundishia wengi kimyakimya. Hivyo mpimaji hana budi kuwauliza watumiaji wanafanya nini, ndipo aanze kuhesabu. Nao watumiaji wana wajibu wa kuitaja hazina waliyochota.