Ujira wa Tarjumani: Habari za Kilima cha Nsambya

Mwaka 1903, masista sita wa shirika la Mtakatifu Fransisko walipofika katika kilima cha Nsambya, upande wa Kampala uitwao leo Makindye, na kuanza kuwatibu wagonjwa chini ya mwembe, hawakuwa na vitanda, wala kuta, wala, lililo zito kuliko hayo, ufasaha wa lugha ya hao waliowatibu. Miongoni mwa masista hao alikuwamo Teresa Kearney, Mwairishi ambaye kwa jina la utawa aliitwa Mama Kevin, na wenyeji wakamwita Mama Kevina.

Sheria ya Kanisa ya zama zile iliwakataza watawa kazi ya ukunga, na ruhusa haikutoka Roma ila mwaka 1936. Kwa hiyo, mwaka 1921, kikafunguliwa papo hapo Nsambya, kwa msaada wa tabibu Evelyn Connolly, ambaye hakuwa mtawa, chuo cha kuwafundisha mabinti wa nchi uuguzi na ukunga. Binti aliyehitimu aliajiriwa kwa kazi ya mikono yake. Lakini mgeni asiyejua Kiganda alimtegemea pia kwa ulimi wake, awe tarjumani wa maradhi, amtulize ssenga, yaani shangazi, asiyeamini dawa ya kizungu, na kisha amweleze mzungu kwa staha kwa nini mama mzazi amekataa kulala kitandani. Masista walikuwa wamejiwekea nadhiri ya ufukara kwa hiari yao. Binti huyu hakuweka nadhiri yoyote, na bado sehemu hii ya kazi yake ilihesabiwa kuwa ni tabia njema, si kazi.

Wanaume nao hawakusalimika. Wanafunzi wa utabibu waliofundishwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, tangu mwaka 1924, chini ya chuo cha Makerere, walitoka na cheo cha wasaidizi, na baraza la matabibu la Uingereza halikuikubali shahada yao hadi mwaka 1957. Hali wao ndio waliotarajiwa kuwa ushahidi hai kwamba Mwafrika aweza utabibu, mzigo ambao daktari Mzungu hakupata kuubeba hata siku moja. Mwaka 1959 Josephine Nambooze, mzaliwa wa Nsambya hiyo hiyo, akahitimu Makerere, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuwa daktari. Aliye wa kwanza hutazamwa na wote: akikosea, husemwa jinsia yake yote, akifaulu, huombwa awafungulie njia wenzake, baada ya saa za kazi.

Siku hizi Marekani madaktari weusi huiita hali hii kodi ya walio wachache: kuketi katika kila kamati ya usawa, kumlea kila mwanafunzi anayefanana nao, bila nyongeza ya mshahara wala ya cheo. Lakini Nsambya yatufundisha kwamba uchache si wa idadi, maana Waganda walikuwa wengi kuliko wageni wao katika kilima chao wenyewe. Uchache ni wa kiti: aliye nje ya meza inapogawanywa hesabu ndiye aachiwaye kazi isiyoandikwa.

Jina la Mama Kevina lingali midomoni mwa watu, na lastahili. Lakini palipokuwa na rehema yake, palikuwa pia na sauti ya mwenyeji iliyoifanya rehema hiyo ieleweke. Na sauti hiyo iliambiwa itapata thawabu, wakati iliyostahili ni ujira.