Waliookoka Wakarudisha Vya Watu

Septemba 1929, daktari Mwingereza, Joe Church, alifika Kampala akiwa amechoka kabisa. Hospitali yake ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, ilikuwa imetoka kwenye njaa kali, na imani yake mwenyewe ilikuwa imekauka. Kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu ile ile. Wakakaa siku mbili na Biblia, wakiomba na kutubu. Mzungu kutubu mbele ya Mwafrika, enzi hizo! Hiyo peke yake ilikuwa habari.

Uamsho uliowaka Gahini miaka ya 1930 ukaingia Uganda, na kufikia 1937 ulikuwa Kabete. Wengi tunaukumbuka kwa nyimbo na machozi. Mimi kinachonishika ni kwamba watu walirudisha. Ukiokoka, ulimwendea mwajiri, mwenye duka au jirani, ukamwambia ulichomwibia, ukalipa. Kisha kwenye ushirika ukasimama mbele ya ndugu na kusema dhambi yako kwa jina lake, si ile ya "Mungu anajua moyo wangu" tuliyoizoea. Wakaiita kutembea nuruni. (Kanisa la mtaani kwetu lina spika kubwa kuliko za matatu, na sijawahi kusikia mtu akirudisha hata sufuria.)

Wakubwa wa kanisa hawakufurahi. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwa miongoni mwao, baada ya kukaidi amri ya kuacha kuamka alfajiri kuomba na kuhubiri.

Jaribu kubwa la Kenya lilikuja na hali ya hatari ya 1952. Ahonoki, yaani waliookoka wa Ukikuyuni, walikataa kiapo cha Mau Mau: walishakunywa damu ya Yesu, hawangeongeza ya mbuzi. Lakini wengi wao walikataa pia bunduki za serikali. Kwa hivyo huku wakaitwa wasaliti, kule wakashukiwa. Wengine waliuawa. Unaweza kubishana na siasa yao, na mimi hubishana nayo, maana ardhi ilikuwa imeibwa kweli na hakuna aliyekuwa anairudisha. Ila huwezi kusema imani yao ilikuwa ya Jumapili tu.

Halafu kuna Rwanda, kulikoanzia yote. Miaka ile ile ya 1930 watu wakiungama wizi Gahini, Wabelgiji walikuwa wanawagawia vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi, Mtwa. Ndugu walikumbatiana kwenye ushirika huku kila mmoja ana kile kikaratasi mfukoni, na kanisa likakiacha humo. Mwaka 1994 kilitolewa vizuizini. Wapo walokole waliouawa kwa kukataa kutengwa na ndugu zao. Wapo pia watu waliochinjwa ndani ya makanisa, na waliowachinja walikuwa wamebatizwa kama wao.