Vitu vya Bwami: Tunatafuta Nini Hasa?

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hata watoto wa shule wanaijua. Lakini kwetu Kampene, katika nchi ya Walega, inafaa tuigeuze kidogo na kuuliza: kama mali imepotea, lakini habari yake imebaki, tufanye nini?

Siku moja, katika somo la historia, nilionyesha wanafunzi picha ya kinyago cha Kilega kinachokaa Ulaya. Darasa lote likanyamaza. Kisha kijana mmoja akauliza: "Mwalimu, ile kitu yetu itarudia lini?" Sikuwa na jibu la haraka.

Tukumbuke kwanza historia. Bwami ilikuwa chama, lakini ilikuwa pia shule ya maisha. Mwanamume alianza kongabulumbu, akapita kansilembo na ngandu, akafika yananio, na mwishoni kindi. Wanawake nao walikuwa na ngazi zao, na ya juu ni bunyamwa. Mali peke yake haikutosha kumpandisha mtu: alihitaji ndugu wa kumsaidia, na tabia njema. Watu wa yananio walikuwa na kinyago kidogo cha mti, lukwakongo. Watu wa kindi walikuwa na maginga, sanamu za pembe ya ndovu. Mwenyewe akifa, vitu vyake viliwekwa kaburini kwa muda, halafu vikapewa mrithi. Hivyo kila kitu kilikuwa kamba ya kuunganisha walio hai na waliotangulia.

Serikali ya wakoloni iliogopa chama hiki ambacho haikukielewa. Mwaka wa 1948 ikakipiga marufuku rasmi. Lakini vitu vilikuwa vimeanza kuondoka mbele ya hapo. Vingine vilichukuliwa, vingine viliuzwa, na tusifiche: vingine viliuzwa na mikono yetu wenyewe. Leo viko katika makumbusho ya Tervuren karibu na Brussels, viko Marekani, viko katika nyumba za matajiri.

Kitu kilichopotea kinavuta moyo kuliko kilichopo. Zamani vitu hivi vilifungwa vizuri, na mtu asiye wa ngazi hakuruhusiwa kuviona. Leo tunavililia wote, hata sisi ambao zamani tungefukuzwa mlangoni! Ndiyo maana tujiulize: tunatafuta kitu chenyewe, ao tunatafuta kile kilichokuwa kinafundisha?

Nilipeleka swali la yule kijana kwa mzee mmoja wa kijiji. Alicheka kidogo, akasema: "Mwalimu, kitu iko kule, lakini maneno yake iko huku." Nadhani hapo ndipo penye fundo. Lukwakongo haikuwa ya kuvaa usoni tu. Iliweza kufungwa kwenye mkono, kutundikwa kwenye ua, hata kukokotwa chini kwa ndevu zake. Kila tendo lilikuwa na wimbo wake na methali yake, na kwa hiyo kinyago kimoja kilifundisha mambo mengi. Ndani ya kabati ya kioo kinakaa namna moja tu, kimya. Wenye makumbusho wana kinywa bila maneno. Sisi tuna maneno bila kinywa.

Mbelgiji Daniel Biebuyck alifahamu jambo hili. Katika miaka ya 1950 alikaa na wazee wa bwami, akaandika methali zao nyingi. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka wa 1973 huko Marekani, kwa Kiingereza. Basi hata daftari letu liko mbali, tena katika lugha ambayo wengi wetu hatuisomi.

Njia ya kurudisha vitu imeanza kufunguka. Kati ya mwaka wa 1976 na 1982, Tervuren ilirudisha vitu 114 Kinshasa, lakini baadaye makumbusho ya kule yaliibiwa vitu vingi. Mwezi wa sita 2022, Mfalme Philippe alileta kinyago Kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo. Mwezi uliofuata Ubelgiji ikatoa sheria juu ya kurudisha vitu vya wakati wa ukoloni vilivyo mali ya serikali yake. Ni vizuri, na tudai haki yetu. Lakini siku sanduku litakapofunguliwa mbele yetu, nani atasema hiki kilishikwa namna gani, na kwa methali ipi?

Makumbusho yanaweza kungoja miaka mia. Wazee hawawezi. Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, nilimjibu yule kijana hivi: kinyago sijui kitarudi lini, lakini wewe nunua daftari, uende kwa babu yako leo jioni. Ukichelewa, tutakuwa tumepoteza mara mbili, na mara ya pili hatutakuwa na mzungu wa kulaumu.