Elwak: mtaa wa sokoni
Elwak ni mji wa mpakani, Kaunti ya Mandera, kwenye barabara ya Wajir kwenda Mandera. Wengi hudai mtaa wake wa maduka ni zao la mpaka, maana ng'ambo, Somalia, iko Elwak nyingine. Dai hilo halitoshi. Visima vilitangulia: wafugaji walinywesha ngamia hapo kabla mkoloni hajachora mstari. Kweli, mpaka umeleta magendo, hasa ya sukari. Lakini akina mama wanaouza maziwa ya ngamia kwa madumu hutegemea malisho. Ukame ukizidi, soko hupooza hata njia zikiwa wazi.