Tycho (kasoko ya Mwezi)

Tycho ni kasoko iliyoko katika nyanda za juu za kusini, upande wa Mwezi unaoelekea Dunia, kwenye latitudo ya 43° kusini. Kipenyo chake ni takriban kilomita 85 na kina chake kinakaribia kilomita 5. Jirani yake Clavius ni pana zaidi ya mara mbili, lakini usiku wa mwezi mpevu Clavius humezwa na mwanga, ilhali Tycho ndipo inapong'aa. Miale myeupe hutawanyika kutoka kwake kama mbavu za mwavuli, mingine ikifika zaidi ya kilomita 1,500, na mwenye macho makali huiona hata bila darubini. Anayeutazama mwezi mpevu ukichomoza Mombasa au Dodoma aitafute mkono wa kulia. Ramani nyingi huiweka chini kwa sababu zimechorwa kaskazini ikiwa juu.

Mng'ao huo ni dalili ya ujana. Miale ya kasoko hufifia polepole kwa kupigwa na upepo wa jua na vumbi la angani, na ya Tycho haijapata muda wa kufifia. Sampuli zilizoletwa na wanaanga wa Apollo 17 mwaka 1972, kutoka mahali ambapo mmoja wa miale hiyo unapita, zimefanya umri wake ukadiriwe kuwa miaka milioni 108. Dinosau walikuwa bado wanaishi duniani.

Jiwe la angani lilipogonga, miamba iliyeyuka, kuta zikaporomoka kwa ngazi, na sakafu ikafumuka katikati ikawa mlima wa takriban kilomita 2. Picha za chombo Lunar Reconnaissance Orbiter zinaonyesha kileleni pake jabali moja lenye upana wa mita 120 hivi, limekaa peke yake. Chombo Surveyor 7 kilitua Januari 1968 karibu kilomita 30 kaskazini mwa ukingo, juu ya kifusi kilichorushwa na mgongano huo.

Kasoko hii ilibatizwa mara tatu ndani ya miaka sita. Mwaka 1645 Michael van Langren aliipa jina la Władysław IV, mfalme wa Poland. Mwaka 1647 Johannes Hevelius akaiita Mlima Sinai. Mwaka 1651 Giovanni Battista Riccioli, padre Mjesuiti wa Bologna, akaiita kwa jina la Tycho Brahe (1546–1601), Mdenmarki aliyepima mahali pa nyota na sayari kwa usahihi wa ajabu kabla darubini haijatumika angani. Kati ya majina yote matatu hilo ndilo lililostahili, nalo likadumu; Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulilithibitisha mwaka 1935. Kasoko ndogo za pembeni hutajwa kwa jina hilohilo na herufi: Tycho A, Tycho B, na kuendelea.