Mfungaji Hodari na Wenzake

Mtaa wa Ziwani, ulio jirani na Starehe na Kariokor, upande wa mashariki wa Nairobi, ulijengwa zama za ukoloni uwe makao ya wafanyakazi Waafrika. Katika mitaa ya namna hii, sifa za wachezaji hodari hurithishwa kama hadithi. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alivuma kwa maneno "Kadenge na mpira", akimtaja Joe Kadenge. Maneno hayo yangali yanakumbukwa. Lakini nani amtajaye aliyempa Kadenge mpira huo?

Swali hili lahusu mpira wa kikapu vilevile. James Naismith aliubuni mchezo huo mwaka 1891, katika mji wa Springfield, Marekani. Katika kanuni zake 13 za kwanza, mchezaji alikatazwa kukimbia na mpira: alipaswa kuurusha kutoka pale alipoudakia. Basi kugawana mpira si pambo lililoongezwa baadaye. Ndiyo asili ya mchezo wenyewe.

Na tumtazame Wilt Chamberlain. Tarehe 2 Machi 1962, alifunga pointi 100 katika mchezo mmoja, na wastani wake wa msimu ule ulikuwa pointi 50.4. Nani angemshinda? Boston Celtics walimshinda. Nguzo yao, Bill Russell, alisifiwa kwa ulinzi kuliko kwa kufunga, nao walitwaa ubingwa mara 11 katika misimu 13. Sababu si ngumu kuiona. Adui akijua kwamba mpira wote utakwenda kwa mtu mmoja, humzunguka kwa walinzi wawili au watatu. Na wenzake wasioupata mpira hupoa mikono na mioyo.

Msimu wa 1966-67, Alex Hannum, mwalimu wa Philadelphia 76ers, alimtaka Chamberlain apunguze kufunga na azidishe kutoa pasi. Wastani wake ulishuka hadi pointi 24.1, lakini timu ilishinda michezo 68 kati ya 81, ikawaondoa Boston na kutwaa ubingwa. Pengine msomaji atasema kwamba alikuwa na wenzake bora, kama Hal Greer na Chet Walker. Ni kweli, lakini ubora wao ungefaa nini kama mpira usingewafikia?

Hata hivyo, kila jema lina mpaka. Msimu uliofuata, Chamberlain aliongoza ligi nzima kwa jumla ya pasi za kufungisha, 702. Lakini katika mchezo wa saba dhidi ya Boston, mbali na mitupo ya adhabu, alijaribu kufunga mara mbili tu katika nusu ya pili, na timu yake ikashindwa. Kinyume chake, Kenya ilipokutana na Angola mjini Yaoundé, Februari 2021, Tylor Ongwae hakukwepa mtupo wa mwisho. Kenya ilishinda 74-73, na mwaka huohuo ikashiriki AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu ile ya Nairobi ya 1993.

Hekima, basi, ni kumpa mpira aliye mahali pema kuliko wewe, na kuutupa mwenyewe inapokuwa zamu yako. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kijana wa Ziwani aingiapo uwanjani na akumbuke kwamba pointi huandikwa kwa jina la mmoja, bali ushindi huandikwa kwa jina la wote.