Pongezi hazimfanyi msichana kuwa injinia

Wadau, wiki iliyopita binamu yangu alinipigia simu analia. Ana digrii ya uhandisi wa umeme, lakini kila anakokwenda kuomba nafasi ya mafunzo kazini anaulizwa kama ataweza kupanda nguzo. "Kaka, wote wananipongeza, hakuna anayenichukua," akaniambia.

Nilikosa la kumjibu. Usiku nikakumbuka kisa kimoja cha Uingereza.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, wanaume walikwenda vitani na wanawake wakaingia viwandani. Walichonga vyuma, wakaunda mabomu, wakaendesha mashine nzito. Lakini serikali ilikuwa imeviahidi vyama vya wafanyakazi kwamba vita ikiisha mambo yatarudi kama zamani. Mwaka 1919 Bunge likapitisha sheria ya kurudisha taratibu za kazi za kabla ya vita. Yaani mama, asante sana, sasa rudi jikoni!

Wanawake saba wakagoma kurudi. Tarehe 23 Juni 1919 walianzisha Chama cha Wahandisi Wanawake. Rais wa kwanza alikuwa Rachel Parsons, binti wa Charles Parsons aliyebuni tabo ya mvuke. Katibu akawa Caroline Haslett, ambaye alijifunza kazi kwenye kampuni ya kutengeneza boila. Mwaka huohuo wakaanza kutoa jarida lao.

Hapo ndipo wengi wetu tungeishia: chama, jarida, hotuba, picha ya pamoja. Wenzetu waliendelea.

Mwanachama mmoja, Margaret Partridge, alikuwa na kampuni ya kuweka umeme huko Devon. Akamwajiri binti wa miaka 17, Beatrice Shilling. Kwa miaka mitatu binti yule alivuta nyaya na kufunga jenereta. Kisha Partridge akamhimiza aende Chuo Kikuu cha Manchester kusomea umeme. Alihitimu mwaka 1932.

Sasa sikilizeni. Vita Kuu ya Pili ikaja. Ndege za Uingereza, Spitfire na Hurricane, zilikuwa na ugonjwa mbaya. Rubani akiinamisha pua ya ndege ghafla ili amfukuze adui, mafuta yanavurugika kwenye kabureta na injini inakatika. Ndege za Wajerumani hazikuwa na tatizo hilo. Fikiria uko angani, adui yuko nyuma yako, injini inakohoa!

Mwaka 1941 Shilling alibuni kipande kidogo cha chuma chenye tundu, cha kupunguza mafuta yanayoingia kwenye kabureta. Yeye na wenzake wakazunguka viwanja vya ndege kukifunga. Hakikuwa dawa kamili, lakini kiliwapa marubani nafasi ya kupigana na kurudi nyumbani.

Je, Partridge angempongeza tu yule binti kisha akafunga mlango, kipande kile kingebuniwa na nani?

Leo tarehe 23 Juni ni Siku ya Kimataifa ya Wanawake katika Uhandisi. Kila mwaka ikifika tunaandaa hotuba na fulana. Binamu yangu fulana anazo. Anachokosa ni mtu mmoja mwenye karakana atakayemwambia: njoo Jumatatu saa mbili asubuhi, spana hii hapa.

Wewe unayesoma, una karakana? Una kampuni? Tafakari.